Chanjo ya HPV: Ganda linalojijenga lenyewe

Una dada mdogo wa miaka 10 huko Nkubu au Runyenjes? Basi huenda umesikia watu wakisema chanjo ya HPV ni kudungwa virusi vyenyewe. Si kweli.

Mwaka 1991 Ian Frazer na Jian Zhou, kule Brisbane, Australia, waligundua kuwa protini za ganda la kirusi hicho zikitengenezwa maabarani huungana zenyewe. Chanjo hutumia moja tu, L1. Hujikusanya tano tano, kisha mafungu 72 hushikana, jumla protini 360, ganda likakamilika. Hakuna fundi anayezipanga! Ndani ni tupu, hamna jeni, kwa hivyo haliwezi kukuambukiza. Mwili hata hivyo hulitambua na kujiandaa. L1 ya Gardasil hutengenezwa na hamira, ya jamii ile ile inayoumua mkate.

Siku hizi maganda mapya hubuniwa kwa kompyuta. David Baker wa Marekani alituzwa Nobel ya 2024 kwa kazi ya aina hiyo.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV mwaka 2019, bure. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huletwa na kirusi hiki. Dadako ameshadungwa? Muulize mama leo.