Tairi la Nyuma Ndilo Lenye Soko

Muuza vipuri anayeagiza matairi ya baiskeli jozi kwa jozi anafungia mtaji wake ghalani. Gunia la mkaa hukaa juu ya keria, hivyo tairi la nyuma huisha kwanza. Mteja wa mizigo haulizi mwendo, hutaka mpira mnene usiopasuka. Tairi jembamba lenye upepo mwingi hukimbia kwenye lami, lakini kwenye changarawe humrusharusha mwendeshaji hadi mwendo wenyewe upungue. Pana hupunguza mitikisiko, ingawa ni zito.

Kagueni na saizi. Tairi la 28 x 1½ ni la rimu ya milimita 635. 700C, ambalo nalo huuzwa kama inchi 28, ni milimita 622. Hayabadilishani.