Mnyoo Asiye na Damu Anavyowashinda Bakteria

Planaria ni mnyoo bapa wa maji baridi, mwenye urefu wa sentimita moja au mbili tu. Hushinda chini ya mawe na majani yanayooza, mahali ambapo bakteria wamejaa tele. Hana moyo wala mishipa ya damu. Hatengenezi kingamwili, zile protini ambazo chanjo huuzoeza mwili wetu kuzitoa. Ukimkata vipande viwili, kila kipande huota viungo kilivyopungukiwa, na muda wote huo kidonda kiko wazi majini. Kwa nini basi haozi?

Jibu ni kinga ya asili. Sisi binadamu tuna kinga za aina mbili. Moja hujifunza kumtambua adui mmoja mmoja na kumtengenezea kingamwili zake. Nyingine tunazaliwa nayo, na hushambulia mara moja bila kungoja kufundishwa. Planaria anaitegemea hiyo ya pili peke yake.

Ulinzi wake huanzia nje, kwenye ute unaofunika ngozi. Lakini kazi kubwa hufanyika tumboni. Tazama anavyokula: mrija hutokeza katikati ya tumbo lake, hugusa chakula na kukifyonza. Utumbo wake umegawanyika matawi yanayoenea karibu mwili mzima, wala hauna tundu la kutokea. Mabaki hurudi kwa njia ile ile ya mdomo. Seli za utumbo huo humeza chembe za chakula na kuzisaga ndani yake. Bakteria akiingia pamoja na mlo, naye humezwa.

Mrusi Ilya Metchnikoff alichunguza mmeng'enyo wa aina hii kwa minyoo bapa wa maji baridi katika miaka ya 1870. Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, aliona seli za kiluwiluwi cha kiti cha pweza zikikizingira kitu kigeni alichokichomeka mwilini mwake. Akatambua kwamba uwezo wa seli kumeza chakula ndio huo huo unaotumika kumeza adui. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu katika mapafu na ini letu, hufanya kazi hiyo hiyo ya kale.

Mwaka 2014, kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Marseille, Ufaransa, lilimpima planaria aitwaye Dugesia japonica kwa bakteria wanaowaua viumbe wengine, binadamu akiwemo. Minyoo wakawasafisha mwilini. Watafiti wakaanza kuzima jeni moja baada ya nyingine, wakitazama ni ipi ikizimwa mnyoo hushindwa kuwaondoa bakteria. Zikapatikana jeni 18, na 9 kati yake zina ndugu zake kwa binadamu. Mojawapo ni MORN2.

Umuhimu wa MORN2 unaonekana kwenye kifua kikuu. Makrofaji inapommeza bakteria, humfungia katika kifuko, kisha kifuko hicho huungana na vingine vyenye vimeng'enya vikali, na bakteria husagwa. Bakteria wa kifua kikuu ana hila: huzuia muungano huo, akakaa salama ndani ya seli iliyokusudia kumuua. Watafiti waligundua kwamba MORN2 ya binadamu husaidia kukikomaza kifuko hicho hadi bakteria asagwe.

Utafiti mwingine, wa 2017, ulionyesha kwamba planaria aliyewahi kuambukizwa Staphylococcus aureus huwaondoa bakteria hao haraka zaidi wakirudi. Kumbukumbu hiyo inategemea seli shina zake, zile zile zinazomwezesha kuota kichwa kipya. Kwa muda mrefu tuliamini kumbukumbu ya maradhi ni mali ya wanyama wenye kingamwili pekee. Mnyoo huyu anatulazimisha kuifikiria upya imani hiyo.

Kinga hii ina gharama. Mwaka 2016, watafiti wa Taasisi ya Stowers, Kansas City, Marekani, walionyesha kwamba bakteria hatari wakizidi mwilini, ishara za kinga huwaka kiasi cha kuzuia viungo kuota upya. Walipoizuia njia mojawapo ya ishara hizo, minyoo waliweza tena kuota viungo.

Nikitaja minyoo bapa, wengi wetu hukumbuka tegu na minyoo wa kichocho, nao kweli ni ndugu wa planaria. Tuna haki ya kuwachukia hao. Lakini planaria hamdhuru mtu, na anatufundisha jinsi mwili unavyoweza kumshinda bakteria aliyejificha ndani ya seli. Dawa ya kifua kikuu bado haijatoka kwake. Kilichotoka ni ufahamu wa mahali pa kuitafuta. Vyuo vyetu, vinavyofundisha katika nchi ambako kifua kikuu kingali kinaua, vina kila sababu ya kumweka mnyoo huyu mezani mwa maabara.