Mwalimu wa informatiki atoka wapi? Lisansi kwa walimu walio kazini



Katika shule nyingi za makanisa yetu huku mashariki, saa ya informatiki hupewa mwalimu kwa sababu moja tu: ndiye mwenye kompyuta. Anaweza kuwa mwalimu wa fizikia, wa hesabu, hata wa Kifaransa. Mwezi wa tisa prefe anapanga ratiba, anakuta saa mbili hazina mtu, anamkumbuka yule aliyeonekana akipiga maswali ya mtihani kwa mashine yake, na neno limekwisha. Juma linalofuata mwalimu huyo anasimama mbele ya watoto hamsini. Anachora kibodi ubaoni kwa chaki, nao wanaiiga katika madaftari. Wanashika kwa kichwa kwamba kompyuta ina kiwambo, kibodi na kipanya. Siku ya mtihani wanayarudisha maneno hayo na kupata pointi. Mwaka unaisha, na hakuna hata mmoja aliyeiagiza mashine ifanye jambo.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mwalimu. Amepewa kazi ambayo hakuna aliyemwandaa kwayo, na mara nyingi anaifanya bila faranga ya ziada. Tunataka kueleza njia moja ambayo wazazi na wazee wa kanisa wanazidi kutuuliza habari zake: lisansi ya kufundisha informatiki, iliyotengenezwa kwa walimu ambao tayari wako kazini. Masomo hayo yana nini ndani? Yanatofautianaje na lisansi ya informatiki ya kawaida? Na kanisa lina sehemu gani?

Kwa nini jambo hili ni letu

Tangu mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule zetu hufuata programu ya Serikali, lakini uongozi wa kila siku uko mikononi mwa makanisa. Kwa hiyo Serikali ikibadili programu, ni sisi tunaotafuta nani ataifundisha. Na programu imebadilika. Katika mpango mpya wa sayansi wa darasa la 7 na la 8 la elimu ya msingi, TIC, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, imewekwa pamoja na fizikia na teknolojia. Mtoto wa Masisi, wa Walungu au wa Mahagi anatakiwa kuisoma sawa na mtoto wa Kinshasa.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya maskini peke yao. Uingereza ilijikwaa papo hapo. Mwaka 2012 Royal Society, ambacho ni chama kikuu cha wanasayansi wa nchi ile, ilitoa ripoti ikisema kwamba watoto walikuwa wakifundishwa kutumia programu za ofisini tu, bila kuelewa kompyuta yenyewe. Septemba 2014 somo jipya likaanza kwa watoto wote kuanzia miaka 5. Lakini mwaka 2017 ripoti ya pili ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya shule za sekondari zilikuwa bado hazitoi mtihani wa sayansi ya kompyuta kwa vijana wa miaka 16, na sababu kubwa ilikuwa uhaba wa walimu walioandaliwa. Ikabidi serikali itenge pauni milioni 84, pamoja na mambo mengine ili kuwafundisha upya walimu wapatao 8,000. Programu ilikuwa imetangulia, mwalimu akabaki nyuma. Kama wenye umeme wa kutosha na fedha walipatwa na hayo, sisi tunapaswa kuanza na mwalimu.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kuna kutumia kompyuta, kuna kujua informatiki, na kuna kufundisha informatiki. Mara nyingi tunayachukua kuwa kitu kimoja.

Kutumia ni kupiga barua, kutuma ujumbe, kutoa fedha kwa simu. Watoto wetu wengi hujifunza hayo bila shule, na kwa simu wanawashinda baba zao.

Kujua informatiki ni kuelewa namna kazi kubwa inavyogawanywa katika hatua ndogo ambazo mashine isiyo na akili inaweza kuzifuata bila kukosea. Namna herufi, picha na sauti zinavyogeuzwa kuwa tarakimu 0 na 1. Namna mashine mbili zinavyopashana habari. Hayo ndiyo mtu hujifunza katika lisansi ya informatiki ya kawaida, na ndiyo sababu mwenye lisansi hiyo huajiriwa benki au kwenye kampuni ya simu.

Kufundisha ni jambo la tatu. Mwaka 1986 Lee Shulman, profesa wa Marekani, aliandika kwamba mwalimu mzuri ana ujuzi wa namna yake, ambao mjuzi wa somo peke yake hana. Anajua ni wapi mwanafunzi atakwama, kwa nini atakwama hapo, na ni mfano gani utakaomfungulia.

Tuchukue mfano. Katika lugha nyingi za programu huandikwa: x = x + 1. Mwanafunzi aliyefaulu hesabu anaudhika, maana katika hesabu maneno hayo ni uongo: hakuna namba iliyo sawa na yenyewe pamoja na moja. Mwalimu ambaye hakuandaliwa atamwambia, "Katika kompyuta ndivyo ilivyo, shika tu." Mwalimu aliyeandaliwa anajua kwamba mwanafunzi huyo hakukosea kufikiri, ila alama ileile imebeba maana nyingine. Hapa alama ya sawa ni agizo: chukua kilichomo katika kisanduku kinachoitwa x, ongeza moja, kisha rudisha jibu katika kisanduku kilekile.

Mfano wa pili. Mwambie mwanafunzi abadilishane vilivyomo katika visanduku viwili, a na b. Wengi wataandika: weka b ndani ya a, kisha weka a ndani ya b. Wanashangaa kuona visanduku vyote viwili vina kitu kimoja. Mwalimu anayejua kazi yake analeta vikombe viwili darasani, kimoja cha maji na kimoja cha chai, na kuuliza: tutabadilishanaje bila kumwaga? Mtoto wa kwanza atakayesema "tutafute kikombe cha tatu" amekwisha kuelewa.

Na kuna kosa moja ambalo mtafiti Roy Pea alilieleza mwaka 1986: wanaoanza hudhani kwamba ndani ya mashine mna akili iliyofichika inayofahamu walichokusudia. Wanaandika nusu ya maagizo na kungoja mashine imalizie. Mwalimu asiyejua kwamba kosa hili ni la kawaida humwita mtoto mzembe.

Ndani ya masomo hayo

Kwa sababu hiyo, lisansi nzuri kwa walimu walio kazini husimama juu ya miguu mitatu.

Mguu wa kwanza ni somo lenyewe: kupanga hatua, kuandika programu, kupanga data, mitandao, usalama wa habari, na hesabu inayohitajika. Hapa hakuna kupunguza. Mwalimu aliyetangulia wanafunzi wake kwa ukurasa mmoja tu anaogopa maswali, na mwalimu anayeogopa maswali hufundisha kwa kukaririsha.

Mguu wa pili ni namna ya kufundisha somo hilo. Mwalimu anajifunza, kwa mfano, njia iliyotolewa na Sue Sentance na wenzake huko Uingereza: kabla ya mwanafunzi kuandika programu yake mwenyewe, kwanza anasoma iliyokwisha kuandikwa na kukisia itafanya nini, kisha anaiendesha, anaichunguza, anaibadili kidogo, na mwishoni ndipo anatunga yake. Ni kama fundi cherehani, ambaye hampi mwanagenzi kitambaa kizima siku ya kwanza.

Mguu wa tatu ni darasa la mwalimu mwenyewe, na hapa ndipo mwalimu aliye kazini anamshinda kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari. Alichojifunza Jumamosi anakijaribu Jumanne. Anaandika kilichofaulu na kilichoharibika, anakirudisha chuoni, na wenzake wanakijadili. Darasa lake haliachwi likingoja miaka, linafaidi tangu juma la kwanza.

Bila umeme itakuwaje?

Swali hili tunaulizwa kila mara. Jibu la kwanza laweza kushangaza: sehemu kubwa ya informatiki hufundishwa bila mashine. Tangu miaka ya 1990, Tim Bell wa New Zealand, pamoja na Ian Witten na Mike Fellows, wamekusanya mazoezi ya namna hiyo yanayotumiwa katika nchi nyingi. Moja ni hili. Waite watoto watano mbele, kila mmoja na karatasi yenye nukta: wa kwanza 16, wa pili 8, kisha 4, 2 na 1. Taja namba 13. Wenye 8, 4 na 1 wanaonyesha nukta zao, wengine wanazificha. Anayeonyesha ni 1, anayeficha ni 0. Darasa linasoma: 01101. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoandika 13, na hakuna kuronti iliyotumika.

Lakini zoezi hilo linahitaji mwalimu anayejua linakoelekea. La sivyo, linabaki mchezo.

Jibu la pili ni kwamba mashine chache zinaweza kufanya kazi nyingi. Programu kama Scratch, ambayo watoto hupanga maagizo kwa kuunganisha vipande vya rangi, hufanya kazi bila intaneti ikiisha kuwekwa, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Kompyuta nne na paneli moja ya jua, zikiwa na mwalimu aliyeandaliwa, zinafaa kuliko kompyuta ishirini zilizofungiwa chumbani kwa sababu hakuna anayethubutu kuziwasha.

Hesabu ya saa

Hapa wengi huanguka, basi tuhesabu vizuri. Katika mfumo wa LMD ambao vyuo vyetu vinaufuata sasa, lisansi ina kredi 180, yaani 60 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Tukichukua kwamba kredi moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani, mwaka mmoja ni saa 1,500: karibu saa 29 kila juma, bila mapumziko. Mwalimu anayefundisha saa ishirini na zaidi kwa juma, akisahihisha madaftari usiku na kulima Jumamosi, hawezi. Anayemwambia kwamba anaweza, anamdanganya.

Kredi hizohizo zikitandazwa kwa miaka mitano, zinakuwa 36 kwa mwaka, yaani saa 900, karibu 17 kwa juma. Ni nzito bado, lakini inawezekana ikiwa sehemu kubwa inawekwa katika likizo kubwa ya Julai na Agosti na ile ya Noeli. Jirani zetu wa Kenya wamezoea mtindo huo: Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefundisha walimu walio kazini wakikusanyika katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Kwetu kuna sababu nyingine pia. Barabara zikifungwa, au risasi zikianza kulia, programu inayomtaka mwalimu awe mjini kila juma inakufa siku hiyohiyo.

Je, atarudi ubaoni?

Hii ndiyo hofu ya kweli ya wazee, na haifai kufichwa. Kanisa linachanga, mwalimu anasoma, anapata lisansi, na miezi sita baadaye yuko kwenye shirika fulani mjini kwa mshahara mara tatu. Yametokea. Je, tuache kuwasomesha?

Tunaona mambo matatu ya kusema. Kwanza, aina ya lisansi ina maana. Informatiki ya usimamizi inamwandaa mtu kwa ofisi, na ofisi ndiko atakakokwenda. Lisansi ya kufundisha inamjenga katika kazi aliyo nayo. Pili, elimu hiyo lazima ionekane katika malipo. Mwalimu wa D6 aliyefikia lisansi asipofuatiliwa karatasi zake kwa DINACOPE, atabaki na mshahara wa zamani kwa miaka. Na akiwa bado miongoni mwa wale wasiolipwa na Serikali, tunaowaita NU, tunamtaka avumilie kisichovumilika. Ofisi ya uratibu wa shule zetu iweze kumfuatia jambo hilo. Tatu, tusimtume mmoja. Wawili wa shule moja au za jirani husaidiana, na mmoja akiondoka, kazi haifi.

Mapatano ya kutumika miaka kadhaa baada ya masomo ni mazuri, yaandikwe na kusainiwa kabla. Lakini karatasi haimshiki mtu mwenye watoto wenye njaa.

Kabla ya kumtuma mwalimu

Baraza la shule na wazee waulize haya. Je, chuo hicho kinatambuliwa na wizara ya elimu ya juu, na hiyo lisansi yenyewe pia? Kuna ISP katika miji yetu mingi, na vyuo vikuu vya makanisa kama ULPGL ya Goma, UEA ya Bukavu na Shalom ya Bunia. Tuwaendee na kuuliza wana nini, na kama hawana, tuwaombe walifikirie. Je, kuna masomo ya namna ya kufundisha informatiki, au ni programu ya kawaida iliyobadilishwa jina? Je, mazoezi hufanyika katika darasa la mwalimu mwenyewe, na kuna anayekuja kumtazama? Nani atashika saa zake anapokwenda kwenye mitihani, na atalipwa na nani? Na je, mwanamke mwalimu mwenye mtoto mchanga anaweza kuyafuata masomo hayo, au yamepangwa kwa wanaume tu?

Maswali hayo yakipata majibu, mchango wa Jumapili moja unaweza kuwa wa haki. Yasipopata majibu, tungoje kidogo na kuuliza tena. Watoto wanaochora kibodi madaftarini leo watafika darasa la 8 mwakani, na ni mwalimu yuleyule atakayesimama mbele yao.