Sikukuu Ianzie Jikoni, Ifike kwa Mpika Pombe

Siku ya Noeli au ya Bonane, ukimuuliza mama wa komini Shari mjini Bunia chakula chake kimetoka wapi, atakujibu papo hapo. Samaki wamepanda kutoka Kasenyi au Tchomia, kando ya Ziwa Albert. Mafuta ya ngazi yameletwa kutoka upande wa Mambasa. Sombe imechumwa shambani kwa jirani, na kuku amekulia uani. Kitu kimoja tu mezani hakijulikani kwao: kinywaji. Chupa imetoka dukani, au kidumu kimeletwa jioni na kijana aliyetumwa, na nyumba nzima hakuna awezaye kusema nani alikipika, kwa maji gani, lini. Naona hapo tumeacha pengo kubwa. Familia inayopika chakula chake cha sikukuu kwa mikono yake ingefaa pia iende, baba, mama na watoto, mchana kweupe, kwa mtu anayetengeneza kinywaji chake, ikaone kinavyofanyika kabla ya kukileta mezani.

Sababu yangu ya kwanza iko ndani ya chungu cha sombe. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya jamii ya sianidi, na hakuna mtaalamu anayesimama katika kila ua wa Ituri kupima sumu hiyo. Kinachotulinda ni kazi yenyewe: majani hutwangwa kinuni mpaka yalainike kabisa, kwa sababu kutwanga ndiko kunakoifungua sumu kutoka ndani ya jani, kisha huchemshwa muda mrefu ili mvuke uiondoe. Mafuta ya ngazi, kitunguu na samaki huja baadaye, sumu ikiwa imekwisha kutoka. Muhogo mchungu nao hulowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kusagwa kuwa unga wa ugali. Mtoto hajifunzi haya kwa kuhubiriwa. Hukaa karibu na kinu, hupokezwa mchi mama akichoka, husikia mlio wa kinu ukibadilika majani yanapolainika, na huambiwa bado, ongeza. Kwa njia hiyo mmea wenye sumu umekuwa chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu. Ujuzi huu umedumu kwa sababu kazi hufanyika mbele ya macho ya watoto.

Pombe ya asili nayo ilikuwa hivyo hivyo. Chukua kasiksi, pombe ya ndizi inayojulikana kuanzia Kivu hadi huku kwetu, ndugu wa tonto ya Uganda, urwagwa ya Rwanda na rubisi ya Bukoba. Mikungu hufukiwa shimoni juu ya majani ya mgomba, shimo likipashwa joto kwa moto, mpaka ndizi ziive zote kwa pamoja baada ya siku nne, tano au sita. Humenywa, zikatiwa ndani ya mtumbwi wa mti au beseni kubwa pamoja na nyasi kavu, kisha zikakandwa kwa nguvu. Nyasi ndizo siri ya kazi: hushika nyama ya ndizi, na maji yake matamu hujitenga yakachuruzika, mekundu kidogo, yenye povu. Huchujwa, huongezwa maji, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Hufunikwa kwa majani ya mgomba, na chachu hufanya kazi yake usiku mmoja au mbili. Mtoto aliyeiona kazi hii hata mara moja tu anaelewa mambo mengi: kwamba kileo hutokana na sukari, kwamba siku ya kwanza kinywaji ni kitamu na kitulivu, na kwamba kadiri siku zinavyokwenda ndivyo kinavyokuwa kikali halafu kichachu.

Duniani kote watu wenye mizabibu huenda na familia zao kutazama zabibu zikikamuliwa, na huko haionekani kuwa ajabu. Afrika Mashariki ina mfano wake pia. Dodoma, nchini Tanzania, wamisionari wa Bihawana walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, na leo wakulima wa Hombolo na Makutupora huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mzabibu wa huko haulazwi na baridi kama ule wa Ulaya. Kenya nayo ina mashamba ya zabibu karibu na Naivasha. Mkazi wa Bunia hana haja ya kufunga safari hadi huko. Divai ni maji ya tunda yaliyochachuka, na ndizi ni tunda. Aliyefukia mikungu yake nyuma ya nyumba, mitaa miwili kutoka kwako, anafanya kazi ya jamii moja na ya Dodoma, ila hana kibao mlangoni, wala hapati heshima ya kutembelewa.

Najua atakayesema: unawapeleka watoto wa watu kwenye ulevi. Hofu hiyo ina msingi. Ituri inaijua mandrakwa, ile pombe kali inayokenekwa kutokana na muhogo na mahindi, na inajua nyumba zilizovunjwa nayo. Aprili 2010, nchini Uganda, watu zaidi ya 80, wengi wao wa Kabale, walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Mei 2014 Kenya ikazika watu wengi kwa sababu hiyo hiyo. Tanzania ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya vipakiti, Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Lakini yatazame matukio hayo vizuri. Methanoli inayoua watu wengi kwa mkupuo mara nyingi ni kemikali ya viwandani iliyochanganywa na mfanyabiashara asiyejulikana, ikauzwa kwa watu wasioweza kumfuata nyumbani kwake. Mwenye mtumbwi wa kasiksi hawezi kufanya hivyo mbele ya watoto wa jirani wanaokanda ndizi pamoja naye. Ndiyo maana nasema tutembelee wanaochachusha, na mandrakwa isiguse meza ya sikukuu hata kama tunamfahamu aliyeikeneka. Ukali wake haupungui kwa kuwa mpishi ni rafiki.

Kuona peke yake hakutoshi, ni kweli, maana vijidudu havionekani kwa macho. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika vijiji vya kando ya Ziwa Albert, na kasiksi huongezwa maji baada ya kukamuliwa. Basi swali la kwanza la mgeni liwe hili: maji haya yamechemshwa? Familia ikimuuliza mama anayepika pombe swali hilo kwa adabu, na nyingine ikamuuliza kesho yake, atachemsha. Sijui ukaguzi mwingine unaofika mpaka uani kwake.

Wapo pia wasiokunywa kabisa. Makanisa mengi ya kiinjili ya Bunia, CECA-20 ikiwemo, huwafundisha waumini kujiepusha na kileo, na Waislamu wa mji huu wana katazo lao. Ziara hii haiwatengi. Maji ya ndizi ya siku ile ile ya kukamua, kabla chachu haijayaamsha, hayalevi. Yakichemshwa na kupozwa ni kinywaji cha kila mtu, na ndiyo pekee ninayopendekeza watoto wapewe. Wakubwa wanaokunywa nao wakae mezani, wanywe wakiwa wamekula, kwa kuwa chakula hupunguza kasi ya kileo kuingia katika damu. Anayekunywa gizani na tumbo tupu amekosa ulinzi huo.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la akina mama. Ukisifu chakula cha nyumbani, kwa kawaida unamwongezea mzigo mtu mmoja, yule aliyeamka alfajiri kutwanga sombe wakati wengine wamekaa chini ya mwembe wakingoja kuitwa. Sikukuu ya namna hiyo si ya familia. Mchi haumkatai mwanamume, na kukanda ndizi kunahitaji mikono yenye nguvu. Wavulana wapewe kinu, baba aende sokoni, na fedha ambazo zingenunua kreti nzima ya bia zigawanywe kati ya mwenye ndizi na mpika kasiksi, ambaye mara nyingi ni mama mwenye ada za shule za kulipa. Na kwa wale watakaouliza ni nani anayetembea kwa starehe katika mkoa ulio chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021, huku jamaa zetu wengi wakiwa bado kambini: sizungumzii barabara ya Mahagi wala ya Komanda. Nazungumzia mwendo wa miguu ndani ya mtaa, mchana, kwa mtu mnayefahamiana. Familia iliyokimbia Djugu na kupanga chumba Shari inaweza kwenda pia, na pengine ndani yake yumo bibi anayejua kufukia ndizi kuliko wenyeji wote.

Kinachotakiwa ni kuwahi. Kasiksi ya Noeli huagizwa kabla ya tarehe 16, mikungu iwe imefukiwa kufikia tarehe 17, na siku ya kuwapeleka watoto ni tarehe 22 au 23, ndizi zinapokandwa na maji yake bado ni matamu. Kuanzia tarehe 24 pombe iko tayari, na haikai: kabla ya Bonane itakuwa imechacha. Anayeitaka ya mwaka mpya amwambie mpishi mapema afukie mikungu mingine tarehe 24, apate ya kukamua tarehe 30.