Deraya ya Farasi na Kengele ya Ngamia

Msomaji, mfugaji wa Isiolo akimvisha ngamia kengele ya mti, anajua analolipia: mnyama akipotea vichakani, atamsikia. Je, kijana wa Bulla Pesa anayelipia vinyongeza vya michezo ya video, pengine kwa shilingi alizotumwa sukari, hupata nini?

Aprili 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza deraya ya farasi kwa mchezo wake wa Oblivion, dola 2.50. Wachezaji walipiga kelele kwamba ni pambo tu. Na bado wakanunua!

Pambo mimi silikatai. Hata kanzu ya Idi ni pambo. Kinachonikera ni pakiti za wanakandanda katika michezo ya EA, iliyoitwa FIFA hadi 2023. Unalipa kwanza, ndipo unafunua uone umepata nani. Toleo la mwaka ujao likitoka, kikosi ulichokinunua hakihamii huko. Ubelgiji mwaka 2018 ilihesabu bahati nasibu ya namna hii kuwa kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia pakiti.

Kijana mwenye akiba na angoje nyongeza kama Shivering Isles ya 2007, ya Oblivion hiyohiyo. Ilikuwa dola 30, lakini ilikuja na nchi nzima ya kutembea.