Blaki metali si Norwe peke yake: bendi ambazo pengine hujawahi kuzisikia

Leo naingia kwenye mada ambayo najua itawachefua baadhi yenu, lakini nimeulizwa mno na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Swali lenyewe ni hili: kijana mweusi kama wewe unasikilizaje blaki metali, muziki wa Wazungu wanaojipaka unga usoni na kuchoma makanisa? Wengine wanamalizia na lile neno letu tunalomtupia kila mtu, Frimasoni. Bi mkubwa yeye hakuzunguka. Alisimama mlangoni siku moja akauliza, "Humo ndani anachinjwa nani?"

Swali la bi mkubwa ndilo bora kuliko yote, naanza nalo.

Anayechinjwa ni mwimbaji. Haimbi, anapiga mayowe ya kutoka kooni, na hata ukijua lugha yake maneno utayashika machache sana. Nyuma yake ngoma zinakwenda mbio, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika. Kwa mtu aliyezoea singeli hiyo spidi haitishi, tusidanganyane. Ugeni upo kwenye gitaa. Mpigaji anachezesha uzi mmoja juu chini kwa haraka mpaka noti zinaungana, unasikia kitu kama mvua kubwa juu ya bati. Na ndani ya hiyo mvua kuna wimbo unaosogea polepole mno. Siri iko hapo. Ukizifuata ngoma utaumwa kichwa ndani ya dakika mbili. Ukilifuata gitaa utashangaa muziki unatulia, kama vile sebene linavyokuchukua pale kipande kimoja kinaporudiwa na kurudiwa na wewe hutaki kiishe.

Halafu kuna suala la sauti mbovu, maana wengi wanadhani simu yao imeharibika. Mara nyingi ubovu huo ni wa makusudi. Darkthrone wa Norwe walirekodi albamu ya Transilvanian Hunger, iliyotoka 1994, kwa kimashine cha nyumbani chenye njia nne tu za sauti, wakati walishawahi kuingia studio nzuri tu. Walitaka isikike ya baridi na ya mbali. Nyie mnaokataa hili mbona mchiriku mnauelewa? Kinanda kidogo cha Casio kinapitishwa kwenye spika za tarumbeta zilizokwisha pasuka, na ule mpasuko ndio utamu wenyewe. Jagwa Music walitoka Dar na sauti hiyo hiyo, albamu yao ya Bongo Hotheads ikatolewa Ubelgiji mwaka 2012, na hakuna aliyewaambia waisafishe kwanza. Nikiri lakini kwamba zipo bendi za blaki metali zinazojificha nyuma ya kelele kwa sababu hazijui kupiga. Ni nyingi pia.

Sasa makanisa. Ni kweli, wala sitetei. Mwaka 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa, na mengine yakafuata. Mwaka 1993 Euronymous, mpiga gitaa wa Mayhem, aliuawa kwa kisu na Varg Vikernes wa Burzum, ambaye alihukumiwa miaka 21 mwaka 1994 na kuachiwa 2009. Magazeti yalishiba. Tangu hapo ukitaja blaki metali watu wanajua Norwe tu, kama vile ukitaja Tanzania mtu anasema Kilimanjaro basi.

Lakini hata jina lenyewe halikutoka Norwe. Limetoka kwenye albamu ya Venom, vijana wa Newcastle, Uingereza, iitwayo Black Metal, ya mwaka 1982. Bathory wa Uswidi wakafuata, na Hellhammer wa Uswisi. Na Brazili, ambayo wengi wanaisahau, ilikuwepo mapema kabisa.

Kabla sijafika huko niwaeleze kilichonifanya niache kusikiliza ovyo ovyo. Kuna bendi moja ya Ulaya niliipenda kupita kiasi. Wiki kama sita hivi, asubuhi na jioni, bando lote linaishia kwao. Siku moja nikapata mahojiano yao, nikayasoma kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Jamaa wanaeleza bila aibu kwamba muziki wao ni wa damu ya watu weupe na kwamba watu wa rangi yangu ni wanyama. Nilikaa kimya. Ule wimbo niliokuwa naupenda ulikuwa bado unalia masikioni. Jina lao silitaji, sababu sitaki kuwaongezea hata msikilizaji mmoja. Wako wengi wa aina hiyo, wanahubiri Unazi waziwazi, na ukijiingiza bila kuangalia utawachangia hela yako mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina kautaratibu. Kwanza naingia Encyclopaedia Metallum, ile kamusi kubwa ya bendi za metali iliyoanzishwa Kanada mwaka 2002, naangalia bendi inaimba kuhusu nini. Kisha naangalia lebo iliyowatoa, na hii ndiyo muhimu kuliko yote: lebo moja ikiwa na bendi tatu za Kinazi, ya nne naiacha hata kama inajifanya inaimba kuhusu misitu na theluji. Mwisho natafuta mahojiano. Mtu anaweza kuficha kwenye nyimbo, akiulizwa na rafiki yake anaropoka. Kamusi hiyo pia unaweza kuitafuta kwa nchi, na hapo ndipo nilipoanza kutembea dunia nimekaa kitandani.

Haya, twende Brazili. Sarcófago ni bendi ya Belo Horizonte, ilianza 1985, mwaka ule ule utawala wa kijeshi uliodumu tangu 1964 ulipoisha. Albamu yao I.N.R.I. ilitoka 1987 kupitia Cogumelo, duka la santuri lililogeuka kuwa lebo. Angalieni picha ya jalada: vijana wamesimama makaburini, nyuso zimepakwa, mikononi misumari, viunoni mikanda ya risasi. Huo ndio mwonekano ambao dunia nzima baadaye iliuita wa Kinorwe. Kwenye sauti, mpiga ngoma wao anakimbia kama breki zimekatika, na mara mbili tatu nahisi wenzake wanahangaika kumfikia. Sio albamu iliyonyooka. Nyimbo kadhaa zinafanana na matusi yao ni ya kitoto. Lakini ina njaa ambayo bendi nyingi safi hazina, na Satyricon wa Norwe waliurudia wimbo wao wa I.N.R.I. mwaka 1999. Mwimbaji wao Wagner baadaye akawa profesa wa chuo kikuu, mfikishieni bi mkubwa taarifa hiyo.

Kanada kuna Blasphemy, albamu ya Fallen Angel of Doom ya 1990. Mpiga gitaa wao, anayejiita Caller of the Storms, ni mtu mweusi. Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu nikiwakumbuka wale wa mahojiano. Muziki wenyewe ni mzito na wa vurugu mno hata kwangu, nausikiliza kwa kipimo.

Japani kuna Sigh. Hawa wana historia ya ajabu, kwa sababu albamu yao ya kwanza, Scorn Defeat ya 1993, ilitolewa na lebo ya huyo huyo Euronymous aliyeuawa. Yaani pale Oslo kwenye moto wenyewe walikuwa wameshaona kwamba Tokyo kuna kitu. Kiongozi wao Mirai Kawashima anapiga kinanda kama mtu aliyefundishwa hasa, na kwenye Imaginary Sonicscape ya 2001 anachanganya vinanda vya zamani, disko na vitu ambavyo huvitegemei kabisa. Kuna mahali nilisimamisha nikaangalia kama simu imeruka wimbo. Wapo mashabiki wanaosema hiyo siyo blaki metali tena. Mimi nasema acheni ubishi, sikilizeni.

Tukija upande wa Mashariki ya Kati, Melechesh walianzia Jerusalem mwaka 1993, wakahamia Ulaya baadaye, na wanaimba kuhusu miungu ya kale ya Mesopotamia. Sphynx ya 2003 ni nzuri. Siku nyingine nitawaandikia peke yao.

Ninaotaka kukaa nao ni Al-Namrood wa Saudia. Bendi hii ilianza 2008, upande wa mashariki wa nchi. Jina ni la yule mfalme Namrudi. Aliyepita madrasa anaikumbuka habari ya moto na Nabii Ibrahimu. Wanaimba kwa Kiarabu, wanapiga nyuzi za udi na kanuni juu ya magitaa, na maneno yao ni ya kupinga dini na watawala. Sasa fikiria uko wapi. Saudia mtu akihesabiwa ameritadi sheria inaweza kumpa adhabu ya kifo. Kwa hiyo majina yao halisi hayajulikani, sura hazionyeshwi, hawapigi maonyesho nyumbani, na kazi zao zinatolewa na lebo ndogo ya Kanada.

Msinielewe vibaya. Mimi siyo wa kutukana dini ya mtu, na kuna maneno yao yaliyonikwaza. Ila nilipowasikiliza nilielewa tofauti moja kubwa. Kijana wa Oslo akijiita adui wa Mungu, wenye kuta za nyumba yake watamwonea haya tu. Huyu wa Saudia akipaza sauti anaweka shingo. Na hata ukiziba masikio kwenye maneno, muziki wao una kitu chetu. Anayesikiliza taarab asilia ya Zanzibar atazitambua zile noti za katikati ambazo gitaa la kawaida halinazo, zile ambazo kanuni inazilia. Kwenye Diaji Al Joor ya 2015 kuna mahali gitaa la umeme linajaribu kuzikamata na karibu linaweza. Kasoro yao ni mwimbaji, anabweka muda wote kwa namna moja, na ngoma zinasikika kama za kompyuta. Sijali.

Kesi za aina hii siyo za Saudia tu. Misri mwaka 1997 walikamatwa vijana karibu mia moja wapenzi wa metali kwa madai ya kumwabudu shetani, baadaye wakaachiwa. Moroko mwaka 2003 vijana 14 walifungwa Casablanca kwa madai kama hayo, na wengi wao rufaa ikawasafisha. Wale mnaonirushia neno Frimasoni kwa utani, kumbukeni kuna mahali utani huo una pingu.

Ya mwisho kwa leo, ambayo naipenda kuliko zote. Panopticon ni mtu mmoja wa Marekani, Austin Lunn, anayepiga karibu kila kitu mwenyewe. Albamu ya Kentucky, 2012, inahusu wachimba makaa ya mawe wa jimbo hilo, migomo yao na milima iliyobomolewa. Ameingiza sauti za wachimbaji wenyewe wakisimulia, na nyimbo za zamani za wafanyakazi, ikiwemo moja ya Florence Reece ya mwaka 1931. Na juu ya mvua ile ya magitaa analia banjo. Banjo, wadau! Chombo ambacho asili yake ni Afrika Magharibi, kilivushwa na watumwa kikaishia mikononi mwa Wazungu maskini wa milimani, na sasa kimo kwenye blaki metali. Sijawahi kushuka mgodini lakini nina binamu wa Geita, na nilipofika wimbo wa Black Soot and Red Blood nilimpigia simu tu kumjulia hali.

Nyumbani je? Blaki metali hasa bado sijaipata ya kuwaonyesha. Kilicho karibu ni Duma wa Nairobi, albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes wa Kampala, wale wale walioitembeza singeli ya Sisso duniani. Duma wana mayowe yale yale ila badala ya mvua ya magitaa wana mashine zinazogonga. Mwimbaji wao anatumia jina la Lord Spikeheart, ni wa ukoo wa Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, na mwaka 2024 alitoa albamu yake binafsi, The Adept. Hiyo siyo ya kusikiliza usiku peke yako.

Ukitaka kuanza, anza na Kentucky, kisha Al-Namrood. Sarcófago ubaki nao hadi masikio yazoee. Mwenye kujua bendi ya blaki metali kutoka hapa kwetu, au Kongo, au popote jirani, aitaje hapo chini nami nitaisikiliza yote kabla ya kusema lolote. Bi mkubwa nilimwekea lile banjo juzi. Akasema hilo sawa, ila huyo anayelia apewe maji.