Kivu Kaskazini: Mgonjwa wa sukari ajue kujitunza, hata njia ya hospitali ikifungwa

Mtu mwenye ugonjwa wa sukari huonana na munganga mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi mitatu. Siku zingine zote yuko peke yake na sahani yake, sindano yake na miguu yake. Huko Masisi na Rutshuru, ambako mapigano yanaweza kufunga barabara kwa juma nzima, siku hizo huongezeka bila mtu kuzipanga.

Ndiyo sababu programu za kumfundisha mgonjwa kujitunza zinawahusu sana wakaaji wa mashariki mwa Congo. Hazimwambii tu «usile sukari». Zinamfundisha kupima damu na kuelewa namba anayoiona, kujidunga insulini, kutambua hatari mapema, na kuchagua yeye mwenyewe jambo moja analoweza kubadili juma hili. Katika programu iliyotengenezwa na Kate Lorig na wenzake kwenye chuo kikuu cha Stanford, Marekani, wagonjwa hukutana saa mbili na nusu kila juma, kwa majuma 6. Wanaoongoza mazungumzo mara nyingi ni watu wanaoishi na ugonjwa huo huo. Munganga anayesema «punguza bugali» husikilizwa. Jirani aliyeipunguza mwenyewe huulizwa maswali.

Kivu ina mfano wake. Kwenye hospitali ya Mweso, territoire ya Masisi, shirika MSF lilianzisha kliniki ya sukari ndani ya huduma ya wagonjwa wa nje. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 uliwasikiliza wagonjwa na wanganga wa huko. Kati ya vizuizi vilivyoonekana: usalama mdogo, umaskini na ukosefu wa chakula.

Hapo ndipo mafundisho mengi yanakwama. Kumwambia mkimbizi ale mboga nyingi wakati shamba lake limebaki upande wa pili wa mapigano ni kumpa ordonansi bila dawa. Mafundisho yanayofaa huanza na kile kilicho ndani ya sufuria: bugali ya muhogo isipite ukubwa wa ngumi, maharagwe, sombe ao lengalenga vijaze sehemu iliyobaki, na chai inywewe bila sukari.

Na siku ambayo hakuna chakula? Swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya kukimbia, si njiani. Anayejidunga insulini kama kawaida kisha akakosa kula anaweza kuanguka: anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanachanganyika. Kama bado anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo vitatu ao vinne vya sukari ndani ya maji, kisha chakula. Akiwa amepoteza fahamu, asiwekewe kitu kinywani, apelekwe kwa wanganga haraka. Lakini aliye na sukari ya aina ya kwanza, ile inayowapata sana watoto na vijana, hawezi kuacha insulini kabisa. Kiasi cha kupunguza akipange mapema na muuguzi wake.

Tatizo la frigo lilipata jibu zuri kutoka Kenya. Kwenye kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, wagonjwa walilazimika kurudi kliniki kila siku kwa ajili ya sindano, kwa sababu nyumbani hakuna frigo. MSF na chuo kikuu cha Geneva walipima insulini iliyokaa kwenye joto la kati ya digri 25 na 37. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa majuma 4 ilibaki na nguvu zake. Goma na Bukavu, zilizo kwenye urefu wa mita 1,500 hivi, kwa kawaida hazifiki joto la digri 37. Chungu cha udongo chenye kulowanishwa maji, kivulini, kinasaidia zaidi.

Simu peke yake haikutosha. Kinshasa, Cambodia na Ufilipino zilijaribu kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha kujitunza. Baada ya miaka miwili, waliopata ujumbe hawakuwapita wenzao kwa namna ya wazi katika kutawala sukari yao. Wote walikuwa tayari ndani ya programu za matunzo, na hilo ni jambo la kuangalia kabla serkali ao shirika lolote halijanunua mashine ya kutuma ujumbe: bandeleti za kupimia na dawa zipatikane kwanza kwenye kituo cha afya, kwa bei ambayo familia inaweza.

Kuna kazi moja isiyodai franka hata moja, nayo ni kuangalia miguu kila jioni, hadi katikati ya vidole. Sukari huua hisia taratibu, na kwenye mawe ya volkano ya Goma mtu anaweza kukatwa mguuni bila kusikia kitu. Asiyeona vizuri amwombe mtoto amwangalilie. Kidonda kikionekana, hata kama hakiumi, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.